Kurudisha Mto

Neno lililonishinda ni moja tu la Kifaransa, "restaurer". Mhandisi wa mradi wa kampuni ya migodi alilitamka akiwa amesimama kwenye uwanja wa shule yetu ya Musonoi, viatu vyake vikiwa safi. Alimaanisha kuuponya mto uwe kama zamani. Nami nikalipokea kwa mbwembwe zote za mtu aliyesoma, nikawatangazia watu kwa Kiswahili chetu: "Batarudisha muto."

Nilichaguliwa kutafsiri kwa sababu nafundisha Kifaransa, na siku hiyo nilijiona mtu wa maana. Mbele yangu walikaa wanawake wanaoloweka mihogo kwenye matete, kila mmoja na shimo lake la maji, mama yangu akiwa mstari wa kwanza. Migodi ilikuwa imekwisha kuuharibu mto, maji yana rangi ya kutu, lakini pembeni mwa matete ilibaki chemchemi moja nzuri. Hapo ndipo mama alipoloweka. Mihogo yake ililala siku nne, ikalainika, ikatoa uchungu wote. Unga wake ulisifiwa hadi Dilala, na ndio ulionisomesha.

Mama akanyoosha mkono. "Batarudishia nani?"

Aliongeza irabu moja tu kwenye kitenzi changu, na jambo zima lilikuwa humo. Nilipaswa kumgeukia mhandisi nimuulize. Sikumgeukia. Niliona ni swali la kitoto. Mto ni wetu, arudishiwe nani mwingine? Nikajibu mwenyewe kwamba ni sisi: "Shiye, mama. Batarudishia shiye."

Akaguna, kisha akainua mkono pamoja na wenzake kukubali. Nani angekataa kurudishiwa chake?

Kiangazi mashine zikaja. Sehemu ya juu, ile inayopita nyuma ya nyumba za wakubwa wa kampuni, ilisafishwa mpaka ndege wakarudi. Matete mapya yakapandwa kwa mistari, uzio ukawekwa, na kibao cha kukataza kuloweka na kufua. Tope lenyewe, lenye sumu ya miaka yote ile, malori yaliliteremsha kwetu, yakalimwaga juu ya chemchemi. Nilimkimbilia mhandisi na Kifaransa changu chote. Alinisikiliza kwa adabu, akasema kijiji kilikubali, mikono ilionekana.

Mama alijaribu kuloweka kwenye ndoo, kwa maji ya bomba. Mihogo ikanuka, wateja wakapungua, akaacha. Hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Najigombeza mwenyewe kila nikiandika neno lile ubaoni. Watu huniuliza kama tumepeleka malalamiko. Tumepeleka, na yamekaa huko yalikokaa. Mto hautarudi kwetu, nasema wazi, na nimechoka kujifanya nina matumaini mbele ya wanafunzi.

Juzi nilimpeleka mama hospitali, kifua kinamsumbua. Daktari, mgeni hapa, alimuuliza kwa Kifaransa anaumwa tangu lini. Nikafungua mdomo. Mama akaniwekea mkono gotini, akamwita mwanamke aliyekuwa akipiga deki huku akijibizana na wauguzi kwa Kifaransa.

"Mama, njoo unisaidie kusema," alimwambia. "Uyu anatiaka maneno yake mwenyewe."