Breki ya Vani ya Baba

Kiatu cha mama mmoja wa kanisa ndicho kilichotulazimisha kuanza kuitengeneza vani. Alipanda Matungu akiwa na viatu viwili, akashuka Shianda na kimoja. Kingine kilipenya kwenye sakafu, mahali ambapo karpeti ya plastiki ilikuwa imechanika, kikabaki barabarani bila mtu kusikia. Kina mama walicheka wiki nzima. Mimi sikucheka, maana nilijua baba angesema kosa ni la kiatu.

Baba alikuwa amewaendesha kina mama hao kwa miaka mingi, wakienda mazishini, harusini na kwenye mikutano ya maombi. Siku nyingine vani hiyohiyo ilibeba mitungi ya molasi ya ng'ombe, na mitungi ilivuja. Alipoiosha, maji yalijificha chini ya karpeti yakala chuma polepole. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba aliuziba ufa kwa karpeti, kisha akatandika karpeti ya pili juu ya ile ya kwanza. Tulipozing'oa zote mbili niliona nyasi za uani kupitia sakafuni, na kuku akipita zake chini ya gari.

Shule zilikuwa zimefungwa na mimi ni mwalimu, kwa hiyo kazi ya kumsimamia fundi iliniangukia. Nakiri sina subira na mafundi. Huyu alifika Jumatatu na mashine yake ya kuchomelea, na kabla hajagusa chochote akaomba maziwa, kwani mafundi wa kuchomelea wanaamini maziwa huosha moshi kifuani. Alimaliza kikombe kikubwa, akaomba kingine. Nikamwuliza kama amekuja kutengeneza gari au kummaliza ng'ombe. Akasema atajaribu yote mawili.

Lakini alipoanza kazi nilinyamaza. Alitoa betri na viti vya abiria, akafunika bomba la mafuta kwa magunia yaliyoloweshwa, akakata kutu mpaka akafikia chuma kinacholia ukikigonga kwa nyundo. "Ukiacha kutu kidogo tu," aliniambia, "ni kama kuacha kiazi kimoja kimeoza kwa gunia." Kufikia Jumanne jioni robo tatu ya sakafu ilikuwa mabamba mapya.

Pedali zilikuwa na aibu yake. Ya klachi iliyumba huku na huku, na ya breki ilikuwa mbaya zaidi: pini yake ilikwisha zamani, na badala yake mtu alipenyeza msumari akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fundi akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Baba akaangalia migomba.

Jumatano pini mpya ikaingia. Nilibonyeza pedali ya breki kwa mkono na haikuyumba hata kidogo. Baba akapanda, akaikanyaga.

"Bado imelegea," akasema.

Fundi akafungua, akakaza upya.

"Bado. Nakanyaganga lakini siisikii vizuri."

Mara ya tatu fundi aliweka spana chini. "Mzee, nikikaza zaidi ya hapa itabidi uikanyage na miguu mbili."

Nikamfokea. Nilimwambia anayekanyaga ni mwenye gari, si yeye. Jumamosi baba alikuwa awapeleke kina mama kumi na wanne Lumakanda, kumpa pole mwenzao aliyefiwa na mume, na kufika huko lazima upite barabara kuu yenye malori na miteremko. Kwangu mimi, breki haikuwa kitu cha kubishania.

Alhamisi fundi alikuwa akimalizia ukingo wa bamba la mbele, upande wa abiria. Alimwomba baba ashuke, baba akakataa. Alibaki kwenye usukani akiikanyaga breki, akiiachia, akiikanyaga tena, na mimi nimesimama mlangoni upande wake. Cheche zilikuwa zikiruka. Tone moja la chuma, bado jekundu, lilirukia ndani ya akala ya baba, kiatu chake cha tairi, likakwama kati ya mkanda na ngozi. Nilingoja aruke. Hakuruka, aliendelea kukanyaga. Nikasikia harufu ya mpira unaoungua, halafu harufu nyingine ambayo haikuwa ya mpira.

Nilimvua akala kwa nguvu. Baba alinitazama mimi kwanza, kisha akautazama mguu wake taratibu, kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani.

"Ni ngozi tu," akasema.

Fundi alizima mashine akaenda kunywa maji, na hakurudi haraka.

Baba ana ugonjwa wa sukari, na sukari huua hisia za miguu polepole. Kliniki walimwambia akague nyayo zake kila jioni, na kila nilipomuuliza alijibu ameshakagua. Niliogopa sana siku hiyo. Niliona aibu pia, kwa sababu nilikuwa nimemfokea mtu kwa kosa ambalo halikuwa lake. Tulikwenda zahanati wakamfunga kidonda, na njiani tulizungumza habari za mvua.

Ijumaa ilibidi mtu aseme neno. Kwetu binti hamwambii babake kwamba hawezi tena. Maneno ya namna hiyo hupitia kwa senge, dada ya baba, na senge wangu alishatangulia mbele ya haki. Basi nikachagua uongo. Nilimkuta baba ameketi mlangoni, mguu umefungwa bendeji, nikamwambia fundi amekubali kwamba pedali bado ina shida. Pini inayofaa ingetoka Kisumu wiki ijayo, kwa hiyo kina mama watafute gari lingine.

Baba alinyanyuka. Alikwenda kwenye vani akafungua mlango wa dereva, akainama, akabonyeza breki kwa kiganja. Alirudia mara tatu, akiwa amefumba macho.

"Mama," akasema, kwani kwetu baba humwita binti yake hivyo, "mwalimu mzima na hujui kudanganya. Hii kitu ilipona Jumatano."

"Sasa kwa nini ulisema bado?"

Alijifuta mkono kwenye suruali. "Nilikuwa naombanga ikuwe pedali."

Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta spana kwenye nyasi. Baba mwenyewe alitoa simu mfukoni akampigia mwenyekiti wa kina mama. Alimsalimu, akamuuliza habari ya watoto na ya ng'ombe, akangoja majibu yote mpaka mwisho.

"Mwenyekiti, gari iko sawa," akamwambia. "Sakafu ni mpya, breki inashika. Mtafute dereva."