Katani ya Shangazi Nyamisi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku boti ya shangazi yangu Nyamisi ilipovutwa nchi kavu pale Mugango, ina ufa chini ya tumbo. Boti ya faiba, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha sote. Kitambaa cha kuzibia, kile kinacholowekwa kwenye gundi ya boti, kilikuwa kimekwisha katika maduka yote ya Musoma mjini. Fundi Marwa akasema atajaribu katani ndani ya gundi ileile.

Shangazi aliposikia katani alifurahi kweli. Nani kijijini kwetu Suguti aliyemshinda kusokota kamba za ng'ombe? Kesho yake akaleta nyuzi ndefu, laini, zinang'aa, kwa sababu alikuwa amezipaka samli kama tunavyopaka kamba zisikakamae. Nilizishika, nikasema moyoni hapa hapavuji tena.

Fundi akatengeneza kwanza kipande kidogo cha majaribio. Kilipokauka akampa. "Vunja, mama."

Shangazi akakipinda. Nyuzi zikachomoka kwenye gundi zikiwa nzima, hata moja haikukatika.

"Mbona kamba zangu zinafungaga madume na hazikatikagi?"

"Nyuzi zako imara, mama. Ila gundi haishikagi penye mafuta."

Nilidhani atawaka, maana shangazi huyu hasira zake zilikuwa karibu. Akaangua kicheko! "Kumbe mwenyewe nimezipaka zisishikwe na gundi!" Akaenda kuchakata katani nyingine, akaiosha kwa sabuni, akaianika hadi ikakauka kabisa. Fundi akalaza tabaka moja kwa urefu, jingine likikatisha, kwa kuwa nyuzi za upande mmoja tu hupasuka kirahisi kwa upande wa pili. Juu akafunika kwa gundi tupu, maji yasizifikie. Kipande cha pili shangazi alikipinda kwa goti, akakikanyaga, wapi! Hapo ndipo nilipomwona akifuta machozi. Fundi akaziba ufa vivyo hivyo, boti ikarudi ziwani, tukala.

Mpaka leo namstaajabia mama yule, mwanangu. Alikuwa bingwa, na akakubali mbele ya watu kwamba ubingwa wa kamba si wa boti. Basi ukiingia kazi mpya, njoo na nguvu zako zote, lakini uliza kwanza kazi yenyewe inataka nini. Ukikosea, cheka, osha, anza tena.

Mungu akujalie mikono isiyochoka, na mtu wa kukuambia ukweli ungali nchi kavu.