Ile Rekodi ya Kuku

Nimeshajicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kakamega. Waimbaji wengine wanatoka Malava, wengine Bukura, na kukutana katikati ya wiki kulitushinda. Nikafungua folda mtandaoni, nikawatumia linki. Kila ninachojirekodi kwenye simu kinaingia humo chenyewe, na kila mtu anajifunzia sauti yake nyumbani. "Kwaya za kesho zitaimba hivi!" niliwatangazia, kifua mbele.

Sasa, kuna Rosa, anayeimba sauti ya kwanza. Nimetaka kumposa muda mrefu, lakini nikimwona tu ulimi unakuwa mzito. Alhamisi, nikisonga obusuma, ugali wetu, peke yangu jikoni, nikajirekodi nikifanya mazoezi: "Rosa, mimi si kijana tena, lakini kuku ninao, na nyumba yangu haivuji." Nikasikiliza, nikaona haya, nikaiweka simu mfukoni.

Jumamosi nilipoingia kanisani, wanaume wa besi walikuwa wamejifunika nyuso kwa vitabu vya nyimbo, mabega yanatikisika. Nikauliza kama wamesikiliza rekodi za wiki hii.

"Zote, mwalimu," akajibu mama mmoja wa alto. "Hata ile ya kuku."

Nikatafuta mlango kwa macho. Rosa akasimama, uso mkavu kabisa.

"Mwalimu, ulipofika kwa jina langu sauti ilitetemeka. Hebu anza tena. Mimi nitaitikia."