Mizigo Imefika Barabara

Baba yangu alikuwa na jibu moja kwa maswali yote ya dunia hii. Ukimuuliza hali, barabara. Ukimuuliza amelalaje, barabara. Siku aliyong'olewa jino na daktari mwenye mkono mzito alirudi nyumbani shavu limevimba kama ameficha yai mdomoni. Mama akamuuliza anajisikiaje, naye kwa nusu ya mdomo iliyobaki akasema barabara. Kwa wakubwa wa mtaa alikuwa Mzee Barabara, kwa watoto Babu Barabara, na mimi kitindamimba wake nikaitwa Binti Barabara tangu siku ya kwanza ya shule. Nilipigana na watu kwa ajili ya jina hilo mpaka darasa la nne, nikaona halina tiba, nikaacha.

Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kwa hiyo tulikula chakula na vumbi la mbao katika sahani moja. Maseremala wengine wa mji walikodi mkokoteni kupeleka kazi kwa mteja. Baba hakukodi. Rangi ya kabati ikishakauka, alisokota kitambaa kikawa ngata, akaiweka kichwani, akachuchumaa, na kabati likainuka. Akateremka nalo mtaani mikono mitupu, akiitikia salamu za watu.

Ndivyo alivyompata mama. Shangazi yake mama alikuwa ameagiza kabati la vyombo, na mama, msichana wa miaka kumi na tisa, akachungulia dirishani akaona kabati linakuja lenyewe lina miguu ya mtu. Likasimama mlangoni likapiga hodi. Mama anasema alicheka mpaka akakaa chini, na hapo uso wenyewe alikuwa bado hajauona. Ulipotokea, anasema, alikuwa ameshachelewa.

Kubeba alijifunzia vitani. Alikuwa na miaka ishirini na moja walipomchukua, yeye na vijana wengine wengi, wakapakiwa melini na kwenda kushushwa katika nchi ya milima na mvua ambayo hawakuwa na ugomvi nayo wowote. Wenzake wengine walipewa bunduki. Kikosi chake kilipewa ngata. Malori hayakuweza kupanda milima ile, nyumbu waliugua wakafa, basi kila kitu ambacho vita hula kilipanda juu ya vichwa vya watu: risasi, dawa, makopo ya nyama, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Wakati wa kushuka walibeba majeruhi. Walikuwa watu thelathini na wanane, mstari mmoja, miezi minne, kwenye kijia kisichozidi upana wa nyayo mbili.

Katika mstari kila mtu aliitwa kwa mzigo wake. Alikuwapo Risasi, alikuwapo Bandeji, alikuwapo Makopo. Baba alikuwa Betri, maana alibeba betri mbili za simu ya upepo, zilizokuwa zikivuja asidi kidogo kidogo mpaka ikamla nywele upande mmoja. Huo ndio upara wake wa nusu, ambao kinyozi wa mtaa alishindwa kuupatia bei. Mbele yake alitembea mtu aliyeitwa Kitako. Huyu alibeba kitako cha mzinga, lile bamba zito la chuma ambalo mtutu husimama juu yake. Na kwa kuwa Mungu alikuwa amemjalia sana upande wa nyuma, jina lilimkaa mara mbili. Baba alituambia alitembea miezi minne akiitazama sababu ya jina.

Afisa wao alikuwa Mzungu mpole, mwembamba, aliyekipenda Kiswahili kwa moyo wote, nacho hakikumpenda hata kidogo. Alitembea na kamusi ndogo katika mfuko wa kifuani. Ukimwamkia, aliinua kidole ili usubiri, akafunua kurasa, na alipoipata "sijambo" wewe ulishavuka kilima cha pili. Wakamwita Bwana Kamusi. Hakupanda na mstari hata siku moja, kwani makao yake yalikuwa mbali bondeni. Siku mizigo ya mwisho ilipofika kileleni alikuja kwa ndege ndogo, akatua kwenye kiwanja walichokisawazisha wao wenyewe kwa majembe, akakaa muda wa kikombe kimoja cha chai, akaruka tena.

Wiki mbili baadaye wakasikia honi. Chini kabisa bondeni, katikati ya msitu usio na pa kupita hata mbuzi, malori matatu yalikuwa yanazunguka na kurudi nyuma na kuzunguka tena. Yote matatu yakakwama. Wapagazi wakatumwa washuke kuyavua magurudumu, na magurudumu nayo yakapanda vichwani. "Mpaka leo sijui yale malori yalikuwa yanatafuta nini," baba alisema kila alipomaliza hadithi yake, na hapo sote tulitakiwa kucheka. Tulicheka miaka yote ya utoto wetu, na wajukuu wakaja wakacheka.

Vita vilipotimiza miaka hamsini tangu viishe, maktaba ya mji wetu ikaandaa maonyesho. Mkutubi, dada mmoja kijana aliyekuwa na miwani machoni na miwani mingine kichwani aliyokuwa akiitafuta kutwa nzima, akabandika tangazo kwamba wazee waliokuwa vitani waje kutazama kabla ya ufunguzi wa Ijumaa. Baba alikuwa na miaka sabini na tatu. Jumatatu asubuhi akavaa koti, mama akachukua mkoba wake wa harusi za watu, nami nikawafuata mbiombio kutoka kwenye cherehani yangu, utepe wa kupimia ungali shingoni.

Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya milima ile. Mstari mwekundu mnene ulipanda kutoka bondeni mpaka kileleni, na kando yake pameandikwa: "Barabara ya kijeshi. Mizigo yote ilipita hapa." Chini yake ilikuwapo taarifa ya Bwana Kamusi mwenyewe, mkutubi ameitafsiri. Baba akaisoma kwa sauti, kidole juu ya maneno. "Nilimuuliza koplo wa wapagazi: mizigo imefikaje? Akapiga saluti, akajibu kwamba imefika kwa barabara. Kwa hiyo ninaomba malori yatumwe kuitumia barabara hiyo mara moja."

Kidole kikasimama. Baba akageuka kututazama, macho yamemtoka.

"Mimi ndiye koplo," alisema. "Nilimwambia barabara. Mizigo imefika barabara!"

Akatusimulia palepale jinsi Bwana Kamusi alivyoinua kidole, akafunua kurasa, akalipata neno, akatabasamu, akaandika. Neno moja, maana mbili, na ile kamusi ndogo ilikuwa na nafasi ya maana moja tu. Baba akasema, "Malori!" na kicheko kikamshika. Alicheka akakosa pumzi, akakalia kiti cha maonyesho kilichoandikwa usikalie. Mama akacheka akidondosha vitu vya mkoba. Mimi nilimshikilia mama, mama akaushikilia ukuta, na mkutubi akaja mbio akidhani mzee amezidiwa.

Lakini njiani kurudi nyumbani baba alibaki nyuma yetu. Mama akamuuliza kama miguu inamuuma. Akasema, "Haiumi."

Nyumba ikaingiwa na hofu. Jumanne mama akamuuliza chai ikoje, akajibu kwamba ina sukari. Jumatano jirani akamuuliza hali, akasema, "Nipo." Mama akaja kwenye cherehani yangu, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba yangu anaumwa na tumwite daktari. Nami nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Nikaingia karakana nikamwambia baba kwamba kibao cha maktaba si msahafu, Bwana Kamusi amekwisha kufa zamani, na hakuna atakayekosa usingizi kwa kuwa ramani ina mstari mwekundu.

Alikuwa anapiga randa ubao. Hakuacha.

"Unajua Kitako alikufaje?" aliniuliza.

Sikujua. Katika hadithi zake zote Kitako hakuwahi kufa. Alikuwa tu haonekani tena, na ilipofika hapo sisi tulikuwa tunacheka malori.

Akanieleza bila kuinua macho. Ilikuwa siku ile ile ya mwisho ya kupanda. Kitako alikuwa na homa siku ya nne na hakumwambia mtu, maana angeshushwa kwenye mstari na mzigo wake wangegawana wenzake. Karibu na kilele akasimama ghafla, baba nyuma yake nusura amgonge. Kitako akapiga magoti polepole, akalishusha lile bamba kwa mikono miwili, akalilaza kwenye majani, akalitikisa kuona kama halitateleza kuwaangukia walio nyuma. Kisha yeye mwenyewe akaanguka, akawa hayupo. Wakamzika pembeni ya kijia. Baba akaliweka bamba juu ya betri zake akapanda nalo, na alipofika juu hajatua mzigo vizuri, ndege ikashuka, Bwana Kamusi akamuuliza mizigo imefikaje.

"Aliulizia mizigo," baba alisema. "Hakuulizia watu. Nami nilikuwa koplo, nikasema barabara."

Randa ikasimama.

"Kama mizigo ilikuja kwa barabara, mwanangu, Kitako alikufa akifanya nini?"

Niliokota vumbi la mbao sakafuni, sijui kwa nini, nikalimwaga tena. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wapagazi hawa hata hilo kanda walinyimwa, mzigo wao ukapewa barabara.

Alhamisi tulikuwa mlangoni mwa maktaba kabla haijafunguliwa. Mkutubi alitusikiliza vizuri, kisha akasema kwa masikitiko kwamba taarifa ile ina sahihi na mhuri, na hawezi kuifuta karatasi kwa neno la mdomo, hata la mzee anayemheshimu. Kesho mgeni rasmi anakuja. Nikavuta pumzi ili nimpe anachostahili, baba akanibonyeza bega nikaishusha. Akamuuliza mkutubi kwa upole kama katika majalada yake ipo karatasi yoyote inayotaja malori.

Mkutubi akaenda stoo. Tulikaa, tukakaa. Akarudi anasoma huku anatembea, akigonga meza bila kuhisi. Ilikuwa barua ya idara ya usafirishaji. Malori matatu yalitumwa; barabara iliyotajwa haikuonekana baada ya kutafutwa siku sita; madereva waadhibiwe kwa uzembe wa kuipoteza barabara.

"Kuipoteza barabara," mkutubi alirudia. Akaketi. Akavua miwani ya machoni, akavua na ya kichwani, akaanza kucheka. Yeye ambaye kazi yake ni kunyamazisha watu alinyamazishwa na wasomaji wa meza tatu. Alipopata pumzi alichukua kadi nyeupe na kalamu, akamwambia baba ataje, yeye ataandika.

Baba akawataja wote thelathini na wanane, jina la mtu, la baba yake, na mzigo wake. Aliweza kuwakumbuka kwa mpangilio wa mstari tu. Akiruka mmoja ilimbidi arudi mwanzo kabisa apande nao upya. Kadi haikutosha. Ikaja ya pili, ya tatu, mwishowe mkutubi akachana karatasi ya kufungia vitabu. Alishauri majina ya utani yaachwe, kwa heshima ya mgeni rasmi. Baba akakataa, akasema hakuna aliyewahi kumwita Kitako vinginevyo, na asipoitwa hivyo hataitika. Kisha akataka iandikwe kwamba Koplo Betri aliulizwa akajibu vibaya. Mkutubi akamtetea, kosa ni la kamusi. Baba akasema kamusi haikuwa imemwona Kitako akianguka, yeye alikuwa amemwona. Ikaandikwa, pamoja na habari ya malori na ya jinsi Kitako alivyoanguka. Karatasi ikabandikwa juu ya ramani, ikaufunika mstari mwekundu wote.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye ngazi. Mgeni rasmi, bwana mnene mwenye sauti ya kwaya, akaona ni vyema awasomee watu karatasi ile. Akasoma vituko vya barabara na malori, ukumbi ukavunjika mbavu. Akaendelea na majina, Risasi, Bandeji, Makopo, akafika kwa Kitako, akakohoa kidogo, akajikaza, akasoma yote: kwamba alishusha mzigo kwanza, akahakikisha hautateleza, ndipo akaanguka. Wanaume wakavua kofia.

Kisha mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini marehemu aliitwa Kitako.

Watu wote wakamgeukia baba. Akasimama. Akaeleza habari ya bamba la chuma, wakatikisa vichwa. Kisha akasema ilikuwapo na sababu ya pili, akaweka kiganja juu ya kichwa, akabinua nyuma, akatembea hatua nne mbele ya watu wazima na mgeni rasmi kama alivyotembea Kitako akipanda mlima. Ukumbi ulilipuka. Yule mama wa mbele akajifunika uso kwa khanga. Mgeni rasmi alishika meza, mwili wote unatikisika. Watu zaidi ya mia, wasiomjua, walikuwa wanamcheka Kitako kama walivyokuwa wakimcheka wenzake mlimani, bila ubaya hata chembe.

Baba alicheka kuliko wote, na machozi yakawa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya koti. Mama akanisukuma tumtoe nje, akidhani sasa amezidiwa kweli. Nikamfikia, nikamshika mkono, nikamwambia twende akapumzike.

"Niache, mwanangu," alisema. "Kitako amefika."