Pipa la Mama na Risasi ya Betri

Mpaka leo harufu ya chuma kinachochomelewa hunitia kichefuchefu, na watu wanaoifanya kazi hii kwa kujifurahisha huniudhi kuliko hata harufu yenyewe. Najua wanavyoongea. Nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Moshi yalipoanza kujaa vitu vya kutoka nje. Nilikuwa karani mjini, nikiishi nyumbani Kibosho, mlimani, na nilikuwa na mashine ya umeme ya kuchomelea iliyosukwa na fundi wa mtaani: waya za shaba zimezamishwa kwenye debe la mafuta meusi yanayonuka. Nikiiwasha, taa za majirani zilififia, nao walinikodolea macho tu baada ya misa. Vijiti vya kuchomelea vilinyonya unyevu wa mlimani, vikatema cheche na kuacha makovu yaliyovimba kama majipu. Lango langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nililisifia hata hivyo.

Habari za gesi nilizijua pia, kwa mdomo. Mjini, upande wa Mawenzi, kulikuwa na fundi aliyetumia gesi ya kabidi, ile inayonuka kitunguu saumu kilichooza. Mwali wake ni mpole. Anaziba bati jembamba kwa shaba bila kulitoboa. Nilimdharau, nikisema gesi ni ya wazee wasio na haraka. Na kulehemu, yaani kuziba kwa madini laini ya risasi yaliyoyeyushwa, nilikuita kazi ya watengeneza vibatari. Nilisema hayo kwa sauti, watu wakisikia.

Basi ikaja posa ya dada yangu. Pipa ambalo Mama alichemshia ndizi za mbege, pombe yetu ya Kichagga, lilikuwa na tundu chini, la kupita sindano.

"Mwanangu, lipeleke mjini kwa yule wa gesi," aliniambia.

"Mama, mashine si ninayo?"

"Yako ni ya malango. Hili ni jembamba."

Hakuwahi kushika kijiti cha kuchomelea maishani mwake, na alijua kuliko mimi. Nililichoma kwa umeme, tundu la sindano likawa tundu la kidole. Badala ya kukiri, nilivunja betri kuukuu ya lori, nikayeyusha mabamba yake, nikaziba kwa donge la risasi kubwa kama kidole gumba. Kwamba ni sumu nilijua. Aliyenipa ile betri alinifokea ninawe mikono kabla ya kugusa chakula. Nilinawa mikono yangu vizuri sana, kisha nikajaza pipa maji. Halikuvuja. Mama akanishukuru.

Alichemsha ndizi zake tangu asubuhi hadi jioni, moshi ukimtoa machozi, akaziacha zichachuke siku zinazotakiwa, akachuja, akachanganya na uji wa ulezi. Asubuhi ya siku ya wageni aliniomba nilioshe pipa, kwa kuwa jirani alilihitaji.

Nilipokwangua ukoko wa ndizi zilizoungulia chini, niliona mwanga ukipenya. Risasi haikuwepo. Moto uliiyeyusha, na kilichoziba tundu siku nzima ni ukoko. Nilikimbilia mafigani, nikapekua majivu kwa mikono yote miwili kama kuku, nikapata kipande kidogo kama punje ya mahindi. Iliyobaki nilijua iko wapi: imechemka pamoja na ndizi.

Mbege ilikuwa imeumuka vizuri, povu limejaa. Mama alikuwa ameshavaa kitenge kipya. Ningesema neno moja, yote ingemwagwa migombani, wakwe wangekaa midomo mikavu, na kila mtu angejua ni mimi. Hilo la mwisho ndilo lililonifunga mdomo. Heshima ya Mama na furaha ya dada nilizifanya kisingizio baadaye, nilipohitaji kulala. Nikijikumbuka nimesimama pale na majivu mikononi, najichukia.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, waone kwamba haina kitu kibaya. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mimi ndiye niliyekabidhiwa kata ya kunywea. Mbele yangu aliketi babu wa bwana harusi mtarajiwa, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama akisubiri. Mama naye alinitazama kutoka mlangoni.

Niliinua kata. Povu likanigusa midomo. Nilipandisha koo, nikalishusha, na sikumeza hata tone. Kisha nikamkabidhi kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

"Aika, mwanangu," mzee alishukuru kwa Kichagga, akanywa kata nzima bila kupumzika. Akajipangusa, akamgeukia Mama na kumsifu kwamba mbege ya namna hii siku hizi haipatikani. Mama akainamisha uso kwa haya, akicheka.

Mzee akanirudishia kata. "Ongeza."

Nilifuta midomo yangu kwa kiganja, nikaenda kumjazia.