Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Nguzo za zizi letu zilinuka oili chafu. Kila baba alipobadilisha oili ya gari, ile ya zamani haikumwagwa. Ilikaa kwenye dumu, na siku iliyofuata alizipaka nguzo ili mchwa wasizile. Jua likipanda, harufu ile nzito ilichanganyika na samadi na mashudu ya alizeti, na mpaka leo naitambua mahali popote. Kijijini kwetu, ndani kidogo kutoka Ikungi, gari lilikuwa moja tu, pikapu ya baba. Yeye alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na hakuwaamini mafundi tangu mmoja wao alipomrudishia gari likiwa na oili ileile nyeusi huku akiapa kwamba ameweka mpya. Kuanzia hapo kazi hiyo aliifanya mwenyewe, nyuma ya jiko, juu ya mwamba tambarare tuliozoea kuanikia mtama. Alipanga vifaa vyake kwenye gunia kama mwalimu anavyopanga chaki, na hakupenda mtu amsemeshe.

Msimu ninaoukumbuka ni wa kuvuna alizeti. Nilikuwa na miaka kumi, na mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshasema kwamba safari hii asijaribu kujifungulia kijijini, maana mimi nilizaliwa kwa shida na mwanya wa kubahatisha haupo tena. Uchungu ukianza, apelekwe hospitali ya mjini Singida. Ndiyo maana baba aliamua kulihudumia gari mapema. Mama alipita na beseni lake, akasimama kumtazama mumewe akiingia uvunguni, akamwambia kwamba akimaliza na huyo mke mwenzake aje amwage na oili ya miguu yake iliyovimba. Baba alicheka akiwa chini, nami niliona tumbo lake likitikisika chini ya bampa.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mwamba nikipukuchua vichwa vya alizeti, kwa hiyo niliona kila kitu. Oili ilitoka nyeusi, ikapungua, ikabaki matone. Baba aliirudisha nati ya kuzibia oili kwenye tundu lake, akaizungusha kwa vidole mpaka ikagota, kisha akanyoosha mkono kuitafuta spana. Hapo hapo sauti ya babu, baba yake mama, ilisikika kwenye ua wa minyaa ikibisha hodi.

Kwetu mwanamume halali chini mbele ya mkwewe. Miguu yako kuonekana imetandazwa na kichwa kimefichwa mahali mbele ya baba wa mke wako ni aibu ambayo watu wataizungumza mpaka mazishini. Baba alijivuta nje haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akapiga mikono sabuni ya unga, akavaa shati, akaenda kumwamkia mzee akiwa ameinama, macho chini. Babu alimjibu marahaba, akasema kwa Kinyaturu kwamba alimpa binti yake mwalimu, sasa anakuta amepewa fundi. Wakaingia sebuleni. Mzee hakukawizwa wala hakuharakishwa. Uji ulinywewa, habari za mvua na za ng'ombe zikamalizwa, na zilipita kama saa mbili kabla hajasindikizwa mpaka njia panda.

Baba aliporudi alichungulia uvunguni. Nati ilikuwa mahali pake, na mwamba chini yake ulikuwa mkavu. Alisimama akijikuna kidevu, kisha akanigeukia.

"Nilikaza?"

"Ulikaza, baba," nilijibu.

Sikudanganya. Nilikuwa nimemwona akizungusha nati mpaka ikakataa, na kwa mtoto wa miaka kumi huko ndiko kukaza. Aliniamini. Akamimina oili mpya, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akapima tena, akawasha injini na kuiacha ingurume, akazima, akapima mara ya tatu. Kipimo kilikuwa sawasawa. Jumapili tulikwenda na gari kanisani. Jumatatu likapeleka mtama mashineni. Halikudondosha hata tone.

Jumatano asubuhi mama alishikwa na uchungu. Walimlaza nyuma kwenye godoro, shangazi akamshika kichwa, nami nikaketi mbele na baba kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Barabara ya vumbi ilikuwa na makorongo, na baba aliendesha kwa kasi ambayo si yake. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa imekufa miaka mingi, haikutuambia kitu. Tulisikia kwanza kugonga, kama mtu anayepiga bati kwa nyundo kutoka ndani, kisha injini ikajikaza na kunyamaza. Ilikuwa imenoki. Baba alifungua boneti, akachomoa kijiti, kikatoka kikavu. Tulikaa pale, upepo ukitupiga mchanga, mpaka lori la mkaa lilipotokea. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Mama alifika hospitali akiwa hai. Mdogo wangu, mvulana, hakulia.

Watu walikuja na maelezo yao. Babu alisema ni mapenzi ya Mungu. Majirani walinong'ona kwamba gari moja katika kijiji kizima huvuta kijicho na uchawi, na wakamtaja mwanamke mmoja, mjane asiye na kosa, ambaye baadaye alihama. Baba hakubishana na yeyote. Kesho yake baada ya mazishi alinichukua, tukatembea kwa miguu kutoka gari lilipozimikia, tukifuata mstari mweusi wa oili juu ya vumbi, tukirudi ulikotoka. Mstari ulikonda ukawa matone, na karibu na korongo la mwisho aliokota nati. Aliipuliza, akaikagua mizingo yake inayojikaza tunduni. Ilikuwa nzima kabisa.

"Spana ilikuwa pale pale miguuni pangu," alisema. "Kwa nini nilikuuliza wewe?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, naye alingoja jibu.

Chuoni nilisoma fizikia, nikajifunza jinsi mtikisiko unavyolegeza nati ambayo haikubanwa, na nilipofika kwenye ukurasa ule nilitoka darasani. Watu husema nina ubishi, kwamba siamini daktari, mchungaji wala diwani mpaka nione mwenyewe. Yule mjane alihama kwa sababu ya nati, na hakuna aliyewahi kumwomba radhi.

Sasa naishi Utemini, mjini Singida, nina gari dogo kuukuu, na oili nabadilisha mwenyewe uani. Nikishakaza kwa spana nachora alama ya chaki kwenye nati, na sitoki uvunguni kabla ya alama hiyo, hata aje nani. Majirani wanaona nina kiburi.

Mwezi uliopita baba alinikuta huko chini. Nilimwamkia nikiwa nimelala chali, miguu nje, jambo ambalo babu asingelistahimili. "Shikamoo baba. Nakaza."

"Marahaba," alisema. "Kaza."

Alisubiri amesimama juani. Nilipotoka nilimwonyesha chaki kwenye vidole vyangu, lakini alikuwa tayari ananyoosha mkono. Nikampa spana. Akapiga magoti na suruali yake safi, taratibu, kwa sababu magoti yanamsumbua, akalala chini, akajisogeza uvunguni. Nilisikia chuma kikigusa chuma mara moja. Nati haikusogea. Baba hakutoka. Nilisimama juani nikiitazama miguu yake, nikamsubiri kama alivyonisubiri.