Magunia Matatu ya Mama Miche

Gari lilitushusha kwenye mvua, mbele ya daraja lililofungwa, na dereva akatuambia kila mtu ajitafutie pa kulala. Nilifuata ukuta mrefu wenye makopo ya miche, nikabisha hodi. Mama mmoja mnene, mwenye udongo mpaka viwikoni, akanipa chumba cha uani bila kuniuliza nilikotoka. Aliniuliza tu kama nitavua viatu mlangoni.

Watu walimwita Mama Miche. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha miche ya matunda, na wiki hiyo alikuwa akikiaga. Magoti yalishagoma kuinama, na binti yake alimtaka akaishi naye ghorofani, mji mwingine. Kitalu kingebaki kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi rangi mstaafu mwenye mdomo usiopumzika. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Hakuamini kwamba mtu yule anajua udongo, na aliapa kwamba kama hajui, heri akifunge kitalu mwenyewe kabla hajapanda gari.

Jioni, tukimenya viazi, alinisimulia habari za mumewe. Kila asubuhi marehemu alifagia majani ya mtaa mzima, akayaburuta kwa shuka kuukuu hadi ukuta wa nyuma, akayamwagia maji na kuyaacha. Majirani walimuuliza kama amehamishiwa idara ya usafi. Yeye alicheka tu, akarudi na shuka. Majani juu ya majani, mwaka juu ya mwaka, mpaka chini yake pakawa na udongo mweusi unaonukia msitu baada ya mvua.

Nikasema basi ile ni mbolea nzuri. Alinikatiza, na sikushangaa. Katika kila lugha niliyowahi kununulia mboga, nimesikia watu wakikipa jina moja kila kitu cheusi kinachotumika kuoteshea. Alinieleza kwamba samadi ni mavi ya mifugo, na ikiwa mbichi huunguza miche. Mboleavunde ni majani na maganda yaliyorundikwa yaoze, na ndani bado unaweza kuona hili lilikuwa ganda la yai. Mboji ndiyo inayobaki kuoza kukiisha: huoni jani wala ganda, haina joto, inashika maji na chakula cha mizizi. Nayo si udongo wote, imejipaka tu kwenye chembe za udongo. Wala weusi si ushahidi, maana hata udongo wa mfinyanzi ulioko mtaroni ni mweusi.

Alitaka kuondoka na magunia matatu ya mboji ile, apandie miche kwenye veranda ya binti yake. Alimwachia shemeji ayajaze.

Kesho yake magunia yalisimama uani yamefungwa kamba. "Shemeji, hii mboji tupu," alisema fundi rangi. "Ukichomeka njiti ya kiberiti, utavuna viberiti."

Mama Miche alizamisha mkono kwenye la kwanza, akautoa haraka. Joto. Akachambua, akakuta jani lenye mishipa yake yote. Mboleavunde, tena changa. La pili lilikuwa na udongo wa mfinyanzi. Aliufinyanga ukakaa kama donge la unga. La tatu hakuhitaji hata kuligusa, harufu ya zizi ilitosha. Aliketi juu ya ndoo, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba basi, imekwisha, kitalu anakifunga.

Kisha akageuka kuutazama ukuta wa nyuma. Hapakuwa na alama ya jembe. Majani makavu yalikuwa yametandazwa upya.

"Shemeji," alisema taratibu, "mtu asiyejua mboji angechota wapi kwanza?"

"Pale ukutani. Ndipo karibu."

"Wewe ulizunguka mpaka mtaroni."

Fundi rangi alikuna shingo. "Ile ni kazi ya kaka. Ukiondoka nayo, mimi nitaotesha kwenye nini? Nimechanganya rangi maisha yangu yote, shemeji. Nyeusi na nyeusi nazitofautisha."

"Mwizi wewe."

"Mwizi huondoka na mali. Mimi nimeizuia isiondoke."

Mama Miche alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga, na sikuweza kujua ni lini kicheko kilikwisha na kilio kikaanza. Alipotulia, alimwamuru ayarudishe magunia yote alikoyatoa. Ufunguo wa kitalu aliuvua shingoni, akamtupia.

Binti alifika mchana. Mama Miche alipanda na begi la nguo tu, akashusha kioo, akamkumbusha shemeji asimwagilie jua likiwa kali.

"Umeshasema, shemeji."

"Nitasema tena."

Alisema tena gari likiwa linaondoka. Fundi rangi akaingia ndani na ufunguo wake, nami nikabaki barabarani, nikitazama mkono wa Mama Miche uliotoka dirishani, wenye udongo ambao hakuunawa.